Kabla Seremala Hajakata Mbao

Dada mmoja wa Tabata ameniandikia barua ndefu, na kwa kuwa ugomvi wake ni wa nyumba nyingi siku hizi za kubomoa majiko na kuyajenga upya, ameniruhusu nimjibu hapa bila kumtaja jina. Yeye na mumewe wamevunja ukuta uliokuwa kati ya jiko na sebule. Vigae vimeshabandikwa, sinki limefika, na seremala anangoja aambiwe nafasi ya friji iwe na upana gani ndipo akate mbao za kabati. Mume ameona kwa rafiki yake friji pana ya milango miwili inayofunguliwa kama kabati la nguo, mlangoni ina bomba la maji ya baridi, na ameapa kwamba jikoni kwake hakiingii kitu pungufu ya hicho. Mke anaona friji ya kawaida yenye friza juu inawatosha. Akisema hivyo anaambiwa amezoea shida. Anauliza: anyamaze ili nyumba itulie, au ashikilie neno lake?

Usinyamaze, dada. Ila usiendelee kubishana kwa namna unayobishana sasa, kwa sababu nimeirudia barua yako nikaona nyote wawili mnapigania jambo moja, nalo ni watu watasemaje. Mumeo anaogopa rafiki zake wamwone mdogo. Wewe unaogopa mawifi wakuone mfujaji unayemfilisi kaka yao. Kurasa zote zile, hakuna mahali ulipoandika nyumba yenu inakula nini.

Wala simlaumu shemeji kwa kupenda kitu kizuri. Mtu aliyevuja jasho ana haki ya kufurahia alichokipata, na anayemsimanga mwenzake kwa kutamani friji ya kung'aa huku yeye mwenyewe ana sanduku la vitenge visivyovaliwa hana pa kusimamia. Na tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi friji katika nyumba zetu za mjini ilikaa sebuleni. Jiko lilikuwa uani, la mkaa, lenye moshi, na kwenye nyumba za kupanga lilikuwa la kila mtu. Kifaa cha thamani namna ile usingekiacha huko. Kikakaa karibu na televisheni, kimevishwa kitambaa cha kudarizi, juu yake maua ya plastiki na picha ya harusi. Mgeni alikiona kabla hajapewa kiti. Tumelelewa tukijua kwamba friji ni kitu cha kutazamwa na wageni, na sasa mmevunja ukuta, wageni wataiona tena kutoka kwenye sofa. Sishangai kwamba mumeo anaichagua kwa macho ya mgeni.

Lakini mgeni hafungui friji yenu. Anayeifungua ni wewe, watoto watatu, mama mkwe anayelalamikia magoti, shemeji akirudi usiku, na binti wa kazi, ambaye umemtaja mwisho kabisa baada ya kuandika kwamba mko sita. Mko saba, dada. Tutamrudia.

Kaeni wote saba siku moja baada ya chakula cha jioni, TV ikiwa imezimwa, mjiulize kinachoingia na kutoka. Kuna nyumba inayonunua samaki Feri kila baada ya siku mbili, mboga inapita mlangoni asubuhi kichwani mwa muuzaji, nyama ni ya Jumapili. Nyumba hiyo haina haja ya shimo kubwa la baridi. Ikilinunua italijaza chupa za maji na mabakuli ya viporo visivyo na mwenyewe. Kuna nyumba nyingine ambayo mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi saa mbili usiku, soko ni Jumamosi tu, nazi inakunwa na kukamuliwa mara moja, maharage yanachemshwa ya wiki nzima na kugawanywa kwenye vikopo. Huyu anahitaji friza la kweli, na akiambiwa anajionyesha anaonewa. Wewe umeandika kwamba unafanya kazi mjini na soko ni la Jumamosi. Kumbe katika hili mumeo, bila kujua, alikuwa na hoja kuliko wewe, maana friji ya mlango mmoja ya lita 150 uliyokuwa unaifikiria mwanzo ingekusumbua.

Nikikadiria kwa watu saba wanaopika kila siku na kununua mara moja kwa wiki, ningesema lita 300 hadi 350 zinatosha bila kubanana. Ile ya milango ya kabati huwa na lita 500 na kuendelea. Na kabla hamjahesabu lita, toeni kwanza visivyohusika. Vitunguu, viazi na nazi nzima hukaa vizuri kwenye kapu lenye hewa. Ndizi ukiziweka kwenye baridi zinapiga weusi. Nyanya hupoteza utamu. Unga na mchele vinavyorundikwa kwenye friji viko humo kwa sababu ya wadudu, na dawa ya wadudu ni ndoo yenye mfuniko unaobana.

Sasa nitazungumza na shemeji mwenyewe, kwa sababu najua atasoma. Shemeji, hiyo friji unayoitaka imegawanywa katikati kwa urefu, kushoto friza, kulia baridi ya kawaida. Upana wa ndani wa upande wa friza mara nyingi haufiki sentimita 40. Chukua sinia lenu la pilau, lile la Idi, ulipime kwa futi kamba. Chukua samaki mzima wa kuchoma wa ukubwa mnaoununua watu saba. Haviingii, samaki utamkata kabla ya siku yake, na sinia litalala mezani likifunikwa kwa kawa. Friji nyembamba ya sentimita 60 yenye rafu moja inayokwenda ukuta kwa ukuta italipokea vizuri zaidi sufuria la mama watoto. Aliyeichora hiyo ya kwako alikuwa anafikiria nyumba za watu wanaonunua maziwa ya galoni na vyakula vilivyofungwa kwenye maboksi. Si kosa lake, na si jiko lako.

Bomba la maji mlangoni nalo lina masharti yake. Aina nyingi hutaka kuunganishwa na mfereji wenye msukumo wa kudumu, na chujio lake hubadilishwa kila baada ya miezi sita hivi. Nyumba inayotegemea tangi, au kisima cha maji ya chumvi kama vilivyo vingi Dar es Salaam, itakuwa inanunua machujio mpaka ichoke, kisha bomba litageuka pambo. Chupa sita za maji kwenye rafu zinafanya kazi ileile.

Halafu kuna mlango. Nimeshuhudia friji ya sentimita 91 ikiwa imenasa kwenye mlango wa nyumba, vibarua wanne wanatoka jasho, wawili ndani, wawili nje, mwenye nyumba akipiga simu kumtafuta mchomeleaji aje akate grili. Milango ya friji ilishafunguliwa skrubu na kulazwa kibarazani juu ya maboksi. Ilipopita kwenye grili ikakwama kwenye kona ya korido. Siku ile ilimalizika kwa ukuta uliochubuka na maneno ambayo watoto hawakupaswa kuyasikia. Pimeni mlango wa mbele, grili, korido, kona, ndipo mpime jiko. Na mkishafika jikoni, kumbukeni kwamba friji inapumua: inatoa joto nyuma na ubavuni, kwa hiyo inataka kama sentimita tano kila upande na kumi au zaidi juu, kadiri kijitabu chake kitakavyosema. Seremala anapenda kuibana ikae kama imemezwa na kabati, inapendeza kwenye picha, lakini mota itafanya kazi usiku na mchana na haitadumu. Isiwe ubavuni mwa jiko la gesi, wala mahali jua la alasiri linapoingilia dirishani. Na mlango wake usiwe umebanwa na ukuta, maana ukifunguka nusu droo za mboga hazitatoka.

Kuhusu umeme nitasema kidogo, maana kila mwenye mita ya LUKU anajua uchungu wake. Friji haizimwi. Mpya ya ukubwa wa kati mara nyingi hutumia chini ya uniti moja kwa siku. Kubwa ya milango ya kabati, kwa joto la pwani na watoto wanaofungua wakisimama kutafakari, inaweza kupita moja na nusu. Kuukuu iliyochoka huvuka mbili. Wale walio kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mpaka wake umekuwa uniti 75 kwa mwezi, wafanye hesabu kabla ya kununua, kwa sababu friji peke yake inaweza kuwatoa kwenye bei ya nafuu, na hapo hata taa wanazowasha zitawagharimu zaidi. Usione haya kumwuliza muuzaji inakula uniti ngapi. Muuzaji anayecheka swali hilo, mwachie duka lake.

Kuna jambo moja la fedha ambalo dada hukulikazia, umelipitisha katikati ya sentensi: kwamba shemeji anafikiria kuchukua fedha ya kikoba, zamu yenu ikifika mwezi ujao, ambayo mlishaiwekea ahadi ya ada ya shule. Hapo sina mzaha. Fedha iliyokwisha kuahidiwa mtoto haina friji ndani yake. Mtu hujikuna ajipatapo. Kama fedha ya friji haijapatikana, seremala aache nafasi, kabati lifungwe, na friji ya zamani isukumwe humo hadi Mungu atakapofungua mlango mwingine. Jiko jipya lenye friji ya zamani halijawahi kumwua mtu.

Na kwa kuwa rafiki wa shemeji amemshauri aende kwenye mitumba, ambako friji kubwa ya Ulaya inapatikana kwa bei ya ndogo mpya, nawapa ushauri ambao wauzaji hawapendi usambae. Fungua friji, angalia ukutani ndani, chini karibu na droo za mboga. Kuna bamba dogo au karatasi iliyobandikwa, yenye maandishi madogo. Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa: SN, N, ST au T. Yenye N imetengenezwa kufanya kazi mahali ambapo joto halizidi nyuzi 32. ST hufika 38. T hufika 43. Nyingine zina herufi mbili, kwa mfano N-T, maana yake inaanzia huku mpaka kule. Jikoni Dar, mwezi wa pili, saa nane mchana, gesi inawaka na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, nyuzi 32 zinapitwa mapema. Friji yenye N peke yake itanguruma mchana kutwa bila kupoza, na fundi atakuambia gesi imepungua, atajaza, utalipa, na mwezi ujao atajaza tena. Fundi si mwongo kila mara. Wakati mwingine naye hajasoma lile bamba.

Bamba hilohilo litakuambia gesi iliyomo. R600a ndiyo ya kisasa na madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana, ila inawaka moto, kwa hiyo fundi atakayechomelea mabomba yake awe anaijua. R134a haiwaki, lakini ikiachiwa angani huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa hewa ya kaboni; ndiyo sababu mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, mwezi wa kumi mwaka 2016, yakakubaliana gesi za jamii yake zipunguzwe hatua kwa hatua. Ukikutana na R12, hiyo ni ya enzi za kabla ya kuondolewa kwa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, kazi iliyoanza kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Usiinunue hata kwa bei ya kuku.

Umeme ukikatika, na kukatika utakatika, friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne, na friza lililojaa hufika hata siku mbili, lililojaa nusu siku moja. Hivyo ni vipimo vya nchi zenye baridi, kwetu punguza. Mwenye friza kubwa huona yuko salama kwa kuwa lina akiba nyingi, kumbe ana cha kupoteza kingi. Watu wa Unguja wanalijua hili kuliko sisi: mwaka 2008 kisiwa kilikaa takribani mwezi mzima bila umeme wa gridi, kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa gizani tena, miezi mitatu, waya wa baharini umeharibika. Hakuna friza la dukani linalohimili hivyo. Nunueni kile kifaa kidogo cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache ukirudi, kwa sababu ule mshindo wa kwanza ndio unaounguza kompresa.

Sasa nirudi kwa yule wa saba.

Dada, mwishoni mwa barua yako kuna mstari mmoja umeuandika kama jambo dogo: kwamba kati ya friji unazozitazama, moja ina kufuli na ufunguo, na unaielekea hiyo, kwa sababu binti anamaliza juisi ya watoto. Mumeo unamhukumu kwa kutaka friji ya kujionyesha kwa wageni. Wewe unataka friji ya kumwonyesha binti wa watu kwamba humwamini. Mimi kati ya hizo mbili naiona ya kwako nzito zaidi. Ya mumeo itakula umeme. Ya kwako itakaa kati yako na mtu anayelala chini ya paa lako, anayemwogesha mwanao, anayejua kikohozi cha mama mkwe ni cha usiku gani.

Niambie binti huyu anakula lini. Sikuulizi anakula nini, maana najua utasema anakula tunachokula. Anakula lini? Katika nyumba nyingi binti wa kazi huamka saa kumi na moja, huandaa chai ya wengine, husafisha, huosha vyombo, na chai yake anaikuta saa nne ikiwa ya baridi na mkate ni kipande cha mwisho. Mchana anapika, anawapakulia watoto, anampelekea bibi chumbani. Usiku anasubiri baba arudi. Mtu aliyeshinda hivyo akifungua friji saa tisa alasiri akanywa glasi ya juisi, neno la kumwita mwizi lisitoke kinywani mwako. Mgawie fungu lake mapema, lijulikane, rafu yake iwe na jina lake, awe na haki ya kufungua na kuchukua bila kuangalia nyuma. Ukishafanya hivyo na juisi bado inaisha, basi kaa naye mzungumze kama mtu na mdogo wake. Ninavyojua mimi, mara nyingi itagundulika kwamba juisi inaishia kwa mtoto wa pili, yule mpole.

Watu watasema kufuli ni kwa ajili ya watoto wadogo wasijifungie. Kwa mtoto mdogo, sawa. Ziko kamba za plastiki za kufungia mlango, na mtoto akikua zinatolewa. Kufuli ambalo ufunguo wake unakwenda nawe ofisini kwenye mkoba, huku nyumbani kumebaki mzee na watoto na binti, hilo halimlindi mtoto yeyote. Na siku bibi akitaka maziwa yake saa sita mchana? Ataomba kwa nani?

Nikiwa kwa bibi, nimwombee lake moja. Magoti yakiuma, kuinama kufungua droo za chini ni adhabu. Katika friji zenye friza juu, vitu vya kila siku vyote viko chini ya kifua. Mboga na matunda viko karibu na sakafu. Ziko zenye friza chini, upana uleule wa sentimita 60, na baridi ya kila siku inakuja usawa wa macho. Hamkuitaja hata mmoja wenu. Huo ndio ubaya wa kubishana watu wawili juu ya kitu cha watu saba.

Friji katika mtaa pia ina majirani. Ukiwa na kubwa na jirani hana, atakuja: niwekee samaki wangu mpaka jioni, niwekee maziwa ya mtoto, niwekee maziwa ya ng'ombe ya kuuza kesho. Hilo ni jambo jema na ni amana, na amana ina adabu zake kwa pande zote. Mwekaji aje saa za watu, aweke kwenye chombo chenye mfuniko, asikiache mwezi mzima. Mwekewaji asionje, asipekue, asisimulie mtaani kwamba fulani wiki nzima hana nyama. Kama huwezi, sema mapema kwa upole kwamba nafasi haitoshi. Usipokee kwa mdomo kisha ukanuna kwa uso.

Lakini kuna mzigo mmoja wa jirani ambao usiukatae hata friji ikijaa vipi: insulini. Dawa hii, kabla haijaanza kutumika, hukaa kwenye baridi ya nyuzi mbili hadi nane. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Kwa hiyo haiwekwi kwenye friza, wala kugusana na ule ukuta wa nyuma unaoshika barafu, wala mlangoni ambapo joto hupanda kila mtu anapofungua. Rafu ya kati, ndani ya kikopo chenye jina la mwenyewe, na kila mtu nyumbani ajue hiki hakiguswi. Mzee wa jirani asiye na friji asihangaike na mtungi wa mchanga wakati ninyi mnajadili bomba la maji mlangoni.

Friza nalo lina jaribu lake. Waislamu wanakumbuka kwamba katika mwaka wa dhiki Mtume aliwakataza watu kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu, kwa ajili ya maskini waliokuwa wameingia mjini. Dhiki ilipopita akawaruhusu wale, walishe na waweke akiba. Wakristo wanamjua tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 12, aliyeazimia kubomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Sisemi kuweka akiba ni dhambi. Mwenye kazi na watoto lazima aweke. Nasema tu kwamba nafasi ikiwepo hujazwa, na mtu mwenye friza la lita 200 siku ya Idi kubwa mkono wake wa kutoa unaweza kufupika bila yeye kujua. Kisha mwezi wa tatu unakuta nyama imepauka kwa barafu, hakuna anayekumbuka ni ya lini, inatupiwa mbwa. Mgao wa maskini utoke ukiwa mbichi, kabla mfuniko wa friza haujafunguliwa.

Na viporo. Kula kiporo si aibu, hata watu wenye nacho wanakula, na wali wa jana na chai ya maziwa ni staftahi ninayoipenda kuliko mkate. Ila wali haupaswi kulala mezani usiku kucha ndipo uingizwe kwenye friji asubuhi. Upoe upesi kwenye sinia pana, uingie ndani ya saa mbili, kwa sababu vijidudu vya wali huacha sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Usimpe binti wa kazi kiporo ambacho wewe mwenyewe umekinusa ukasita.

Hukumu yangu basi, maana mliomba hukumu. Nunueni friji ya lita 300 hadi 350, upana wa sentimita 60, friza chini kwa ajili ya magoti ya bibi, mpya au ya mtumba yenye herufi T kwenye bamba lake, isiyo na kufuli wala bomba la maji. Seremala aache sentimita 70. Rangi achague shemeji, na akitaka ile ya fedha inayong'aa, mwachie kwa moyo mweupe; nawe usiseme neno akiwaonyesha rafiki zake. Ada ya shule ilipwe kwanza.

Imebaki friji yenu ya zamani, ambayo umesema mnataka kumpelekea mama yako kijijini. Ijaribuni kwanza: funga mlango juu ya noti, uivute, ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inavuja usiku kucha. Uliniandikia pia kwamba inanguruma bila kukoma. Mkimpelekea mama, mmempelekea mzigo wa LUKU kila mwezi, naye ataona haya kuwaambia, ataizima na kuifanya kabati la vikombe. Badilisheni mpira kwanza, fundi aipime, na muwe mnamtumia fedha ya umeme. Kama hamwezi, iuzeni, na mnunuzi aambiwe ubovu wake wote kabla hajatoa fedha mfukoni.